Baridi imeingia: kipi kipo mkononi, na kinasomwaje? (Nagona imetukwamisha)

Loleza_Juu (Mbeya mjini)

Wakuu, ugonile.

Jua likishazama hapa hakuna la kufanya ila blanketi, chai ya tangawizi na kitabu. Naomba uzi huu kila mmoja aseme ameshika kipi sasa hivi. Ila jina tupu halitusaidii. Sema kitabu ni cha namna gani, kinasomwaje, na wasomaji hukwama wapi.

Naanza mimi. Tuko sita, nakala mbili, kitabu ni *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi. Hakifiki hata kurasa mia, tukadhani wiki moja kinaisha. Wanne wamekiweka chini kabla ya sura ya pili. Lalamiko ni moja: haijulikani nani anasema, haijulikani tuko mji gani, mtu anafika mahali halafu mahali penyewe panayeyuka.

Sasa nauliza. Tumeanza mti kwa kileleni, au kuna namna ya kukisoma ambayo hatuijui? Watu sita na nakala mbili mnapangaje zamu, tukitaka kumaliza vitabu vitatu kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti? Halafu nakala moja ni ya mtumba, imetoka soko la Mwanjelwa, ina madoa ya kijani ukingo wa chini na inanuka uvundo. Naogopa kuiweka rafu moja na vingine.

---

Kihesa_Msomaji (Iringa)

Kamwene mkuu. Hapo kilichokosewa ni mpangilio tu.

Kezilahabi ana riwaya sita, na ukizipanga kwa miaka utaona ngazi: *Rosa Mistika* (1971), *Kichwamaji* (1974), *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), *Gamba la Nyoka* (1979), kisha kimya cha riwaya cha miaka 11, halafu *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991). Nne za kwanza zina familia, kijiji, mapenzi, siasa, na matukio yanayofuatana. Mbili za mwisho amezivua vyote hivyo kwa makusudi. Anayeanzia *Nagona* anatafuta kitu ambacho mwenye kitabu amekwisha kukitoa nje ya nyumba.

Daraja ni *Kichwamaji*. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anasimulia mwenyewe, na maswali yake ndiyo haya haya: maisha yana maana gani, mtu ana uhuru kiasi gani, kifo kinafuta nini. Kule maswali yamevaa nyama: kuna baba, kuna Manase, kuna Sabina, kuna kisiwa cha Ukerewe alikotoka mwandishi. Ukifika *Nagona* nyama imeliwa, imebaki mifupa. Ukiwa umeshaiona nyama, mifupa unaitambua.

Kama hamtaki kurudi nyuma, basi someni hivi. Sura moja kwa kikao kimoja, kwa sauti, bila kamusi. Kwa sauti kwa sababu sentensi zake ni fupi na zina mapigo. Jicho likikimbia peke yake hulala, sikio halilali. Mkimaliza sura, rudini na penseli. Msiandike muhtasari wa matukio, hapo ndipo wengi hupotea, maana wanalazimisha uzi wa hadithi ambao haupo. Andikeni picha zinazorudi: paa, ukimya, mwanga, safari. Kila picha na namba ya ukurasa pembeni. Mkifika kwenye Ngoma Kuu ya mwishoni mtakuwa na ukurasa mmoja wa daftari uliojaa namba, na huo ndio ramani ya kitabu.

Kwa wanafikra wanaotajwa humo, msisimamishe kitabu mkaanza kusoma falsafa ya Ulaya nzima. Sentensi moja kwa mtu inatosha kuvuka: Plato ni wa pango na vivuli, Darwin wa mageuko ya viumbe, Marx wa matabaka, Freud wa akili iliyojificha, Nietzsche aliyetangaza kwamba Mungu amekufa.

Na kumbukeni aliyeandika ni mshairi. *Kichomi* yake ya 1974 ndiyo iliyozusha ugomvi mkubwa na wanamapokeo, washairi wa vina na mizani, kwa sababu ya mashairi huru. *Nagona* isomeni kama shairi refu lililovaa kanzu ya riwaya. Mwenye mazoea ya shule, ya kusaka mhusika mkuu, mandhari na dhamira tatu za kujibu mtihani, ndiye wa kwanza kuweka kitabu chini.

Kilichopo mkononi kwangu ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri imechapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa na baba yake kuwa rehani ya deni kwa tajiri Aziz. Maandalizi ya kukisoma ni madogo ila yanalipa: soma kwanza Sura ya 12 ya Kurani, Surat Yusuf, aya 111, ni kikao kimoja tu. Bila hiyo, mambo ya bustani, ndoto, bibi wa nyumba na shati utayaona kama vituko vya kawaida. Ukiwa nayo kichwani utaona mwandishi anavyoichukua hadithi ya Nabii Yusufu na kuigeuzia mahali pengine kabisa.

Kukwama hutokea kwenye msafara wa kwenda bara. Majina yanajaa haraka. Tengeneza orodha nyuma ya bahasha: Khalil ni wa dukani, Mohammed Abdalla ni mnyapara, Simba Mwene ni msaidizi wake, Hamid ni wa mji wa mlimani, Kalasinga ni fundi wa magari, Chatu ni sultani wa mwisho wa safari. Hao sita wakikaa sawa, msafara unakwenda.

---

Mvua_ya_Rungwe (Tukuyu)

Mimi nijibu la ukungu, maana huku kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na kitabu kisipotunzwa kinaota kama uyoga.

Mkuu Loleza, kabla ya chochote tia hiyo nakala kwenye mfuko wa nailoni, itoe chumba chenye vitabu vingine, fungua mfuko nje. Usiipige-pige kutoa vumbi. Lile vumbi ndilo mbegu, na ukilipuliza ndani umelipanda rafu nzima. Vaa barakoa. Mwenye pumu asiguse kabisa.

Kisha pima kama ukungu ni hai. Chukua pamba ya sikio, gusa doa. Likipakaa kama masizi yenye unyevu, lingali hai. Likitoka unga mkavu, limelala. Kama ni madoa ya kahawia yasiyotoka hata kidogo na hayana harufu, huo ni uzee wa karatasi, hauambukizi, achana nao.

Ukungu hai haufutwi, unakaushwa kwanza. Hapa ndipo watu huharibu, wanakimbilia kitambaa. Kitambaa juu ya ukungu mbichi kinausukuma ndani ya nyuzi za karatasi na doa halitoki tena. Simamisha kitabu wima, kurasa zimetawanyika kama feni, kivulini penye upepo. Kila kurasa 15 au 20 chomeka tishu nyeupe, badilisha zikishika unyevu. Usichomeke gazeti, wino wake unahamia. Usianike juani siku nzima: jalada linakunjamana na karatasi inapauka. Na usikaange juu ya jiko la mkaa. Mbali na kupindisha kurasa, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua mtu. Kitabu hakistahili hivyo.

Kikishakauka kabisa, siku 2 hadi 5 kutegemea hewa, chukua brashi laini ya rangi ya inchi 2, toka nje, piga kutoka mgongoni kwenda ukingoni, ukurasa kwa ukurasa palipo na doa. Jalada la kung'aa lipanguse kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, pamba iwe na unyevu tu, isidondoke. Jiki hapana. Inang'arisha leo, kesho kutwa karatasi inakatika kama mkate mkavu.

Harufu ni ya mwisho. Weka kitabu kikavu kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na bakuli la magadi ya kuokea (baking soda ile ya mandazi), visigusane, wiki moja. Mchele hausaidii kitu, unaita wadudu.

Rafu sasa. Ukungu hupenda unyevu wa hewa uliozidi asilimia 65 hivi, na kitabu kilicholowa huanza kuota ndani ya saa 48. Kwa hiyo rafu isiegemee ukuta wa nje wa nyumba, ule unaopigwa na mvua, kwa sababu upande wa ndani wake ni baridi na hewa inatonesha maji hapo. Acha nafasi ya sentimita 5 nyuma ya vitabu na 15 kutoka sakafuni. Usivibane, kitabu kitoke kwa vidole viwili bila kuvuta. Na usikifungie kitabu kwenye nailoni wakati wa masika ukidhani unakikinga. Unyevu uliomo ndani hauna pa kutokea.

Kama kuna vitundu vya wadudu pia, dawa ni friji la kugandisha. Mfuko wa nailoni uliofungwa bila hewa, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki 2. Ukitoa usifungue mfuko kwa saa 24, kipate joto la chumba kwanza, vinginevyo kitajaa umande na tunarudi kwenye ukungu.

Kilichopo mkononi: *Kuli* cha Adam Shafi. Sina la kuongeza, kinajisoma chenyewe. Wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948.

---

Mwalimu_Makambako

Salaam kwa wote.

Zamu kwanza. Nakala 2 kwa watu 6 ni watu 3 kwa nakala. Kosa la kawaida ni kumpa mtu kitabu kizima siku 10. Wa tatu anamaliza siku ya 30, na wa kwanza kwa wakati huo amesahau hata majina. Kigaweni kitabu. Tuseme kina kurasa 240: mafungu 4 ya kurasa 60. Kila mtu anakaa na nakala siku 2, kurasa 30 kwa siku, yaani siku 6 mzunguko umekamilika, siku ya 7 mnakutana kujadili fungu hilo. Wiki 4 kitabu kimekwisha. Kuanzia Juni mosi hadi Agosti 31 ni siku 92, wiki 13 na siku moja. Vitabu vitatu vinachukua 12, inabaki wiki moja ya msiba, harusi au mvua ya nje ya msimu.

Zungusheni zamu kila wiki. Wiki hii A, B, C. Ijayo B, C, A. Kisha C, A, B. Anayesoma wa kwanza daima hufika kikaoni akiwa amesahau, na anayesoma wa mwisho daima husoma kwa mbio. Mgawane shida hiyo. Sheria moja isiyo na huruma: saa ya kukabidhi ikifika kitabu kinaondoka, umemaliza hujamaliza. Mkianza kusubiriana, mtu wa tatu ndiye anayelipa.

Msikimbilie kurudufu kitabu kizima stationery. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, na waandishi wetu wenyewe hawali vizuri.

Sasa kitabu. Mko sita. Kuna kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho utadhani kiliandikwa kwa ajili ya kundi la watu sita, nacho ndicho kipo mezani sasa kwa mara ya kumi sijui: *Kusadikika* cha Shaaban Robert, 1951. Nchi inaelea hewani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria. Anapojitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, matlai (mashariki), magharibi, mbinguni na ardhini. Nao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mjumbe mpeni mtu wake. Aje kikaoni na majibu ya maswali manne: alitumwa wapi, aliona nini huko, alileta nini nyumbani, walimfanya nini.

Wasomaji huchoka kwa mjumbe wa tatu. Sababu ni kwamba simulizi zote zina umbo moja: katumwa, kaona, karudi, kaadhibiwa. Unahisi unazungushwa. Lakini kurudia huko ndiko mashtaka yenyewe. Karama haelezi mkosi wa mtu mmoja, anaonyesha kwamba nchi ina desturi. Watu sita wakikaa mezani na kusoma majibu yao moja baada ya jingine, mzunguko unasikika kwa sikio, na mtu aliyechoka akisoma peke yake hashindwi kuuona. Kisha ulizeni kwa nini mwandishi wa mwaka 1951, chini ya serikali ya kikoloni, alilazimika kuitundika nchi yake hewani.

Lugha ina maneno ya zamani. Ugawaji wa kazi: mtu mmoja kila kikao ashike kamusi, wengine wafunge zao. Kila mmoja akiwa anatafuta neno lake, kikao kinageuka darasa la msamiati. Na jicho kwenye majina: kwa Shaaban Robert jina la mtu ni tabia yake, kwa hiyo Majivuno hana haja ya kuelezwa.

---

Reli_ya_Uhuru (Mbeya)

Mwalimu, kwa heshima zote, *Kusadikika* ina mahubiri mengi. Kundi lililokwishakata tamaa na *Nagona* ukilipa hotuba za mahakamani litahamia kwenye mpira.

Mimi nawaambia tamthilia. Nakala mbili zinatosha watu sita, kwa sababu mnasomea mezani, watatu kwa nakala, mmegawana sehemu. Hakuna zamu, hakuna kusubiriana, jioni mbili imekwisha. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, 1969, ndiyo niliyoshika. Vita vya Maji Maji vilifika mpaka Njombe na Songea, hivyo haiko mbali na kwetu. Mtego wake ni mmoja: msomaji anayetaka kujua kama maji ya Kinjeketile ya kuzuia risasi yalifanya kazi anauliza swali dogo. Swali la tamthilia ni linalomkuta Kinjeketile mwenyewe: neno ulilolisema ili kuunganisha watu likishatoka kinywani ni la nani? Someni maelezo ya jukwaani pia, kwa sauti. Watu huyaruka wakidhani ni ya mwelekezi. Kwenye tamthilia hiyo ukimya na mwanga vinasema.

Nyingine ni *Juliasi Kaizari* ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, toleo la 1969. Hotuba mbili za mazikoni, ya Bruto na ya Antonio, zisomwe na watu wawili tofauti kikao kimoja, wa kwanza kwa nathari na wa pili kwa ushairi kama zilivyo. Utaona ni kwa nini wa pili anashinda kabla hujafika katikati.

---

Mwalimu_Makambako

Mahubiri yapo, sikatai. Ila ndugu yangu, hotuba za Bruto na Antonio unaziitaje?

---

Njombe_Asubuhi

Mbona ushairi mmeuacha jikoni? Kilichopo kwangu ni *Wasakatonge* ya Mohammed Seif Khatib, na watu wengi wanaisoma kama wanavyosoma tangazo la mnada, mbio bila kupumua. Shairi la kimapokeo lisome kwa pumzi zake. Tarbia ina mistari minne kwa ubeti, mstari kwa kawaida una mizani (silabi) 16, nane mbele nane nyuma, na katikati unapumua.

Hesabu kwa vidole mstari huu wa kubahatisha: Njombe baridi yauma, shuka moja halitoshi. Njo-mbe-ba-ri-di-ya-u-ma, nane. Shu-ka-mo-ja-ha-li-to-shi, nane. Panapokosewa ni kwenye m na n. Katika "mtu" ile m inasimama peke yake, hivyo m-tu ni mizani mbili, kama ilivyo n-chi. Katika "Njombe" ile n imeshikana na herufi zinazofuata, haihesabiwi peke yake. Ukishaweka hilo sawa utaanza kusikia mshairi alipofupisha neno kwa ajili ya mizani na alipolirefusha, na hapo ndipo ufundi ulipojificha.

Kwa mashairi huru, kama ya huyo Kezilahabi mnayehangaika naye, usihesabu. Angalia mstari umekatwa wapi na ujiulize kwa nini haukukatwa neno moja mbele.

---

Mvua_ya_Rungwe (Tukuyu)

Nimesahau jambo la baridi. Vitabu vingi vya sasa havijashonwa, vimegandishwa mgongoni kwa gundi ya moto. Usiku wa Juni hapo Mbeya gundi ile inakuwa ngumu kama pipi, ukikifungua kitabu kwa nguvu mgongo unapasuka tap, na kurasa zinaanza kudondoka moja moja. Kitabu kipya kifunguliwe hivi: mgongo juu ya meza, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha kurasa 20 kutoka mbele, 20 kutoka nyuma, unakandamiza taratibu kwa kidole gumba karibu na mgongo mpaka mkutane katikati. Kitabu kiwe kimekaa chumbani chenye joto, si kimetoka garini alfajiri.

Kikishapasuka, gundi nyeupe ya maseremala. Kiasi kidogo kwenye sindano ya kufumia, pakaa ndani ya ufa, futa inayofurika, weka nailoni pande mbili ili kurasa zisigande, kisha tofali mbili juu yake saa 12. Supagluu inakauka ngumu kama kioo na itapasuka tena pembeni. Seloteipu baada ya miaka michache inakuwa ya njano na kunata, na hapo hata fundi hawezi kukusaidia.

---

Loleza_Juu (Mbeya mjini)

Wakuu, shukrani. Mwalimu, shikamoo na asante kwa hesabu. Tumekubaliana hivi: *Kinjeketile* jioni mbili za kwanza ili waliokata tamaa warudi, kisha *Kusadikika* kwa wajumbe sita, kisha *Kichwamaji*. *Nagona* tunairudia mwishoni, kwa sauti, na ukurasa wa picha.

Nakala yenye ukungu ipo kibarazani imetawanyika kama kuku aliyelowa. Lakini wakati wa kuchomeka tishu limeonekana jambo jingine. Baada ya ukurasa wa 32 zinakuja 17 hadi 32 tena, halafu inaruka kwenda 49. Ni ya wizi?

---

Kihesa_Msomaji (Iringa)

Hapana, huo ni usahaulifu wa mfungaji vitabu. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa inachapwa kurasa kadhaa kwa pamoja, mara nyingi 16, inakunjwa kuwa fungu moja, kisha mafungu yanapangwa. Hapo fungu la 17 hadi 32 limeingizwa mara mbili na la 33 hadi 48 limebaki mezani kwa mtu. Nakala ya wizi ina dalili nyingine: maandishi yamefifia au yameinama, pambizo ya ndani imemezwa na mgongo, picha ya jalada ina ukungu ambao brashi haiutoi.

Ndiyo maana ukinunua cha mtumba usikague ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Fungua kwenye viungo: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo hadi mwisho. Zile kurasa za mwanzo zisizo na namba zinaweza kusogeza viungo mbele au nyuma kidogo, kwa hiyo pindua tatu nne kila upande. Dakika mbili muuzaji hajakasirika.

Kwa sasa mnazo nakala mbili. Anayesoma hiyo mbovu akifika 32 abadilishane na mwenye nzima kwa kurasa zile 16, na muandike kwa penseli chini ya ukurasa wa 32, "nenda nakala ya pili," ili wa zamu inayofuata asidhani Kezilahabi amefanya makusudi. Kwenye *Nagona* mtu anaweza kabisa kuamini hivyo.

---

Reli_ya_Uhuru (Mbeya)

Hahaha. Na wale wanne waliokata tamaa walikuwa na nakala ipi?

---

Loleza_Juu (Mbeya mjini)

Mkuu, watatu nzima, mmoja hii. Walishindwa kabla ya sura ya pili, kwa hiyo mfungaji vitabu hana hatia.